Barabara Ishukayo Ziwani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika



Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kutusomea hesabu za miaka kumi ya Chama chetu: kahawa iliyokusanywa, madeni yaliyolipwa na yaliyosalia, maghala yaliyoezekwa. Hesabu hizo zimekaguliwa, nasi hatuna la kuongeza. Kazi tuliyopewa sisi ni kusema juu ya kitu kisicho mali ya Chama, lakini kimegusa kila ukurasa wa daftari zake. Kitu hicho ni barabara ya lami ya kilometa zipatazo 66 itokayo Mbinga, ikazunguka milima ya Umatengo, kisha ikashuka hata Mbamba Bay, penye maji ya Ziwa Nyasa.

Twajua kwamba katika siku ya furaha watu hupenda kusikia sifa. Lakini mtu akimsifu ng'ombe wake kwa wingi wa maziwa, asiseme kwamba apiga mateke, atamwumiza jirani atakayekwenda kumkamua. Kwa hiyo tutasema maziwa ya barabara hii, tutasema na mateke yake, na mwisho tutasema ni lipi litupasalo sisi wanaushirika.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Maji ya Ziwa Nyasa yako kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Umatengo vinakaribia mita 2000. Mtu atokaye Mbamba Bay kwenda Mbinga hupita nchi mbili kwa safari moja. Huondoka penye joto, muhogo, mpunga na nyavu zilizoanikwa mchangani, akafika penye kahawa, maharage, na baridi ya kuvaa koti mwezi wa Juni. Nchi hizi mbili zinaonana. Mvuvi akiwa ndani ya mtumbwi wake huiona milima imesimama nyuma ya kijiji chake. Kuonana, hata hivyo, si kufikiana.

Wazee wetu wa Kimatengo waliikimbilia milima hii katika karne ya 19, wakati wa vita vya Wangoni. Mlima ulikuwa ngome yao. Na kwa kuwa ngome ile ilikuwa na nafasi ndogo na miteremko mikali, walistawisha kilimo cha ngolo, ambacho wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walikuja kukichunguza katika miaka ya 1990. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza katika miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani. Kwa hiyo mteremko wote hujaa vishimo, kila kishimo kikishika maji yake na udongo wake, ili mvua isiteremshe shamba mtoni. Tafadhali mlishike jambo hili la vishimo, maana tutalirudia.

Ndugu zetu wa ziwani nao waliuelekea upande wa maji. Meli ziliwaunganisha na Likoma, na Nkhata Bay, na Itungi. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ilijulikana duniani mwezi wa Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia hapo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Basi mambo ya dunia yalifika Liuli kwa njia ya maji. Kutoka mlimani, ambako si mbali kwa ndege arukaye, vitu vilifika kwa kichwa cha mwanamke na kwa mguu wa mwanamume.

Kahawa ilianza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920. Mwaka 1936 kiliundwa chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, ambacho wazee wetu walikiita NGOMAT, kwa ajili ya kuuza tumbaku ya Wangoni, na kahawa ya Wamatengo ikawa na pake. Tangu hapo ushirika wetu umekufa na kufufuka. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu nchi nzima. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi kuanzia mwaka 1994, vyama vingi vililemewa na madeni vikaanguka. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza kahawa iuzwe kwa njia ya vyama vya msingi, navyo vikapata pumzi tena.

Katika mageuzi hayo yote jambo moja halikugeuka, nalo ni umbali. Aliyenunua kahawa yetu, awe chama, awe mamlaka ya serikali, awe mfanyabiashara, alikuwa na neno lile lile mdomoni: "Njia yenu mbaya." Kwa neno hilo bei ilishuka kabla ya kahawa kupimwa. Mwenye lori alidai nauli ya matairi yatakayopasuka. Mvua za masika zilipoanza, lori lililala njiani siku mbili au tatu, abiria wakashuka kulisukuma, na magunia yakanyonya unyevu hata kahawa ya daraja la juu ikafika ghalani imekwisha kuharibika. Sisi tuliokuwa makarani wa vyama vya msingi wakati huo twakumbuka jinsi tulivyoandika "hasara ya njia" katika daftari, mwaka hata mwaka, kana kwamba njia ni mwanachama mwenzetu aliyekopa asilipe.

Lami ilikuja kwa vipande. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga kilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani, katika mpango wa miaka mitano uliomalizika mwaka 2013. Baada ya hapo Mbinga ikawa mwisho wa lami. Mwaka 2018 ndipo ilipoanza kazi ya kuitoa lami Mbinga na kuiteremsha ziwani, kwa fedha za Serikali na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kufikia mwaka 2022 magari yalikuwa yakipita juu ya lami toka Mbinga hadi Mbamba Bay.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tuseme juu ya mikono iliyoijenga.

Watu wa kwetu si wageni wa kazi za barabara. Wakati wa Waingereza, aliyeshindwa kulipa kodi kwa shilingi alilipa kwa jasho, akichimba na kusawazisha njia ambazo hakuwa na gari la kupitisha. Wengine waliiacha nchi. Wilaya ya Songea, ambayo siku hizo ilitushika sote, ilikuwa ghala la vibarua la mashamba ya mkonge ya Tanga. Walikwenda kwa miguu, na tangu mwaka 1944 wakachukuliwa na shirika la wenye mkonge lililoitwa SILABU. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alijulikana kwa namba yake. Ndugu wa ziwani walivuka maji, wengine wakafika hata migodi ya kusini mwa Afrika. Wako waliorudi na baiskeli na blanketi, wako wasiorudi. Basi kwa muda mrefu nguvu za vijana wetu zilijenga nchi za watu wengine, na mlima wetu ukabaki kama ulivyokuwa.

Barabara hii ilikuwa kinyume chake. Kazi ilikuja mlangoni. Mitambo mikubwa ilipasua mwamba, lakini mtambo hauwezi yote. Mawe ya kuta za kuzuia maporomoko yalipangwa kwa mikono. Mifereji ilijengwa kwa mikono. Nyasi zilipandwa juu ya udongo uliokatwa ili usiteleze, nazo zilipandwa na wanawake walioinama tangu asubuhi, kama wainamavyo katika ngolo. Vijana wetu walijifunza kupima mteremko, kufunga nondo, kuendesha mashine ya kushindilia. Wengine sasa wanafanya kazi hizo mikoa mingine, wala hawaitwi kwa namba, wanaitwa mafundi.

Yuko mama mmoja, mjane, mwanachama wa chama kimoja cha msingi cha mlimani. Alipewa kibendera chekundu na cha kijani, akasimama kwenye kona kali kuruhusu magari upande mmoja na kuyazuia upande wa pili. Madereva walimcheka siku za kwanza. Baadaye walimwamkia. Kwa mshahara wake alinunua mashine ya kumenyea kahawa, na leo majirani saba humenya kahawa yao kwake. Hapo ndipo tunapoyaona maziwa ya barabara: fedha ya muda iliyogeuzwa kuwa chombo cha kudumu.

Lakini si wote walioigeuza. Mshahara wa kila mwisho wa mwezi ulikuwa kitu kigeni kwa watu waliozoea fedha ya kahawa mara moja kwa mwaka. Vilabu vya pombe viliota kando ya kambi kama uyoga baada ya mvua. Wasichana kadhaa waliachiwa watoto, na baba za watoto hao walihama pamoja na mitambo. Mashamba yaliyoachwa na vijana yalilimwa na bibi zao, au hayakulimwa, na ngolo isiyolimwa kwa misimu kadhaa hujifuta yenyewe.

Liko na jambo zito zaidi. Kijana mmoja wa kwetu aliangukiwa na jiwe mguuni walipokuwa wakisafisha mahali palipopasuliwa. Alipelekwa hospitali, jambo ambalo twashukuru. Lakini alipotoka hospitali alikuta jina lake limekwisha kufutwa katika daftari la kazi. Hakuwa na mkataba wa maandishi. Alikuwa na jina tu, lililoandikwa kwa penseli na msimamizi mdogo ambaye naye alikuwa amekwisha kuhamishwa. Huyo kijana hakujua kwamba nchi hii inayo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko ulioundwa kwa sheria hiyo. Baba yake naye hakujua. Aliyejua ni katibu wa chama chao cha msingi, kwa kuwa aliwahi kuhudhuria mafunzo ya ushirika. Katibu yule aliandika barua, akaandika ya pili, akasafiri kwa nauli iliyochangwa na wanachama. Ilipita miezi mingi, lakini mwisho kijana alipata haki yake. Leo ndiye mpimaji wa chama hicho. Husimama kando ya mizani kwa gongo moja, na wanachama husema hawajapata kuwa na mpimaji mwaminifu kama yeye, maana ajua thamani ya kitu kuandikwa.

Tumeitaja habari hii si kwa kumlaumu mtu. Tumeitaja kwa sababu kila barabara ya mlimani hulipwa kwa miili ya watu kabla ya kulipwa kwa fedha. Ndugu zetu Wachina waliojenga reli ya TAZARA pamoja na Watanzania na Wazambia, kati ya mwaka 1970 na 1975, wameacha makaburi ya wenzao Gongo la Mboto. Na huko Pakistani, barabara ya Karakoram inayopanda hata mpaka wa China, zaidi ya mita 4600 juu ya bahari, iliua wafanyakazi wanaokaribia elfu moja kabla ya kukamilika mwaka 1979. Sisi tunaopita kwa gari tukisinzia, na tukumbuke kwamba yuko mtu aliyekesha ili sisi tusinzie.

Tuje sasa katika mabadiliko yenyewe. Safari ya Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyokuwa ya siku nzima wakati wa mvua, na pengine ya siku mbili, sasa haizidi saa mbili. Mama mwenye uchungu wa uzazi uliokwama, ambaye zamani alibebwa kwa machela na wanaume wa zamu, sasa huwahi hospitali angali na nguvu. Mwalimu na muuguzi waliopangiwa ziwani hawaombi tena uhamisho wiki ile ile waliyofika. Usipa wa ziwani, ambao zamani ulifika mlimani umekaushwa mpaka umekuwa kama mchanga, sasa huja na mbasa na magege wabichi, wamelazwa katika barafu. Maharage na mahindi ya mlimani hushuka kwa gari lile lile. Nchi mbili zilizokuwa zikionana, sasa zinalishana.

Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, imepata mlango wa nchi kavu. Na mlango huo waelekea mbali. Mwezi wa Desemba 2004 Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilitia sahihi mapatano ya ushoroba wa Mtwara, ili mali ipite kutoka Bahari ya Hindi hata nchi za ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 2024 ujenzi wa bandari mpya ulianza Mbamba Bay. Kwa hiyo kijiji kilichokuwa mwisho wa njia kinageuka kuwa katikati ya njia. Hilo ni jambo kubwa, na lina hatari yake, maana katikati ya njia ni mahali pa kupitwa. Malori yaweza kupita mchana na usiku yakibeba saruji na mbolea kwenda nchi nyingine, na mwenyeji asipate ila vumbi na kelele, kama hana cha kupakia.

Wako na waliopata hasara. Wenye mashua waliokuwa wakichukua abiria toka kijiji hadi kijiji wamepungukiwa. Vijiji vidogo vya ufukoni ambavyo havikuguswa na lami vinaonekana sasa kuwa mbali kuliko zamani, ingawa havikusogea hata hatua moja. Kwa kuwa mfanyabiashara aliyekuwa akivifikia kwa shida sasa hana haja ya kutaabika, hununua pale lami inapomfikisha. Na wakulima wenye mashamba chini ya barabara wanayo malalamiko ambayo kamati yetu imeyaona kwa macho. Tuliomba mshike habari ya vishimo vya ngolo. Ngolo hugawanya mvua katika vishimo elfu. Barabara hufanya kinyume: huikusanya mvua ya mlima mzima katika mfereji mmoja, ikaitoa kwa kishindo mdomoni mwa kalavati. Shamba lililokaa chini ya mdomo huo, ambalo halikumomonyoka tangu siku za babu, lakatwa korongo kwa masika mawili. Mhandisi wa barabara hana nia mbaya, na mkulima hana kosa. Ni elimu mbili zilizokutana pasipo kuzungumza.

Lakini teke kubwa kupita yote, Bwana Mwenyekiti, ni lile linalokipiga Chama chetu chenyewe. Twataka kulisema waziwazi, kwa kuwa tusiposema leo hatutapata miaka kumi mingine ya kusherehekea.

Mnaijua biashara ya magoma. Mkulima akibanwa na karo ya mtoto au na ugonjwa, humwendea mwenye fedha wakati kahawa ingali mtini, akapewa kiasi kidogo, kisha wakati wa mavuno hutoa magunia kwa bei iliyokwisha kukatwa. Magoma ni ya zamani, imekatazwa mara nyingi, nayo haifi. Zamani mnunuzi wa magoma alizuiwa na matope kama sisi sote. Sasa anayo pikipiki na lami. Afika jikoni kwa mkulima usiku, na kabla ya jogoo kuwika mzigo umekwisha kuvuka wilaya. Barabara ile ile iliyotupunguzia nauli imempunguzia na yeye.

Wako watakaosema, "Basi polisi na waweke vizuizi." Vizuizi vyaweza kusaidia, lakini havitibu ugonjwa. Tumewauliza wanachama kwa nini wanauza magoma hali wanajua hasara yake. Jibu lao ni moja: mwenye magoma hulipa leo, Chama hulipa baada ya mnada. Neno hili latuchoma kwa kuwa ni kweli. Zamani tulikuwa na udhuru: tulisema njia mbaya, magunia yamechelewa, wanunuzi hawafiki. Mwanachama alivumilia kwa kuwa aliyaona matope kwa macho yake. Sasa matope hayapo. Mwanachama akicheleweshewa fedha yake atajua kwamba kuchelewa kunatoka ofisini. Barabara imetuvua udhuru wetu, nasi tumesimama mbele ya wanachama kama tulivyo.

Hapo tujifunze tena kwa wale wa Karakoram. Barabara yao ilipokwisha, watu wa mabonde ya Gilgit na Hunza waliona jambo tuliloliona sisi: bidhaa zinaingia kwa wingi kuliko zinavyotoka, na vijiji vya mbali vinabaki mbali. Kuanzia mwaka 1982, kwa msaada wa mpango wa maendeleo wa taasisi ya Aga Khan, waliunda vyama vya vijiji. Kila chama kilitakiwa kukutana na kuweka akiba, hata kama ni senti chache, na kuchagua wenyewe kazi moja ya manufaa. Vijiji vingi vilichagua kuchimba mifereji ya maji, na vingi vilichagua kujenga njia ndogo ya kuvifikisha kwenye barabara kuu. Kisha mwezi wa Januari 2010 mlima uliporomoka Attabad, ukaziba mto, likatokea ziwa lililoimeza barabara. Watu wa Hunza ya juu wakavuka kwa mashua miaka mitano, hata mapango yalipochimbwa na kufunguliwa mwaka 2015. Mambo mawili twayapata hapo. La kwanza, barabara kuu ni shina, na shina pasipo matawi halizai. La pili, mlima haukuuza haki yake. Waweza kuidai siku yoyote.

Kwa hiyo kamati yetu yaleta mbele ya mkutano huu mambo manne, tukiomba mjadiliane kabla ya chakula wala si baada yake, maana baada ya chakula watu hukubali kila kitu.

La kwanza ni akiba na mkopo mdogo. Kila chama cha msingi kitenge sehemu ya ushuru wake iwe mfuko wa dharura, ili mwanachama mwenye mgonjwa au mtoto wa shule akopeshwe na wenzake kwa dhamana ya kahawa yake, kwa riba ndogo iliyoandikwa. Haba na haba hujaza kibaba. Magoma haifukuzwi kwa hotuba kama hii yetu. Hufukuzwa na fedha iliyo karibu.

La pili ni njia ndogo. Tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, nasi hatusemi tuifanye kazi ya Serikali. Twasema kila chama kiandike kwa majina na kwa vipimo vivuko na makona yanayozuia lori kufika kwenye kituo chake cha kununulia kahawa, kipeleke orodha hiyo halmashauri mapema kabla ya bajeti, na kiseme wazi ni mawe mangapi na siku ngapi za kazi wanachama watakazotoa wenyewe. Aombaye akiwa na jembe mkononi husikilizwa haraka.

La tatu ni maji ya barabara. Twaomba wakulima wenye mashamba chini ya kalavati waungane katika kila kijiji, wawaite wataalamu wa barabara na wa kilimo siku moja, wasimame pamoja mdomoni mwa kalavati mvua ikinyesha. Bibi aliyelima ngolo miaka hamsini awepo hapo, na asemeshwe kwa heshima impasayo fundi.

La nne ni mikataba. Kazi nyingine zinakuja: bandari, matengenezo ya barabara, na nyingine tusizozijua. Kila chama cha msingi kiwe na mtu mmoja aliyefunzwa sheria za kazi na za fidia, na kijana yeyote wa mwanachama asipande gari la kwenda kazini pasipo karatasi yenye jina lake, mshahara wake na sahihi ya mwajiri. Karatasi hiyo inakiliwe na nakala ikae katika sanduku la chama, pamoja na stakabadhi za kahawa. Jasho la kijana nalo ni zao la mwanachama.

Wazee wetu na ndugu wanachama, sisi tulio wazee kidogo katika kamati hii tumeipita njia hii kwa miguu, tumeipita tukiwa juu ya magunia ndani ya lori, na sasa twaipita tumekaa vitini. Asubuhi moja tulisimama mahali ambapo barabara inaanza kushuka na ziwa lote linaonekana. Palikuwa na lori la samaki likipanda na lori la maharage likishuka. Madereva wao walipunguza mwendo, wakasalimiana kwa mkono dirishani, kila mmoja akaendelea na safari yake. Tuliwauliza baadaye mali ile ilikuwa ya nani. Samaki walikuwa wa mfanyabiashara wa mbali. Maharage yalikuwa ya mfanyabiashara wa mbali. Madereva peke yao ndio waliokuwa wa kwetu.

Basi hilo ndilo swali tunalowaachia kwa miaka kumi ijayo. Barabara tumeipata, na hakuna atakayeikunja kama mkeka akaenda nayo. Lakini mali ipitayo juu yake ni ya nani? Siku mjukuu wetu atakaposimama pale juu akaona lori likishuka na lori likipanda, na akaweza kusema, "Lile ni la chama cha mama, na lile ni la chama cha wavuvi wa Liuli," siku hiyo ndipo barabara itakapokuwa yetu. Lami tumejengewa. Kilichobaki ni kazi ya ushirika, na kazi hiyo haina mkandarasi mwingine ila sisi wenyewe.

 Umoja ni nguvu.